Hoho Zangu Zilivyoanguka Katikati ya Maombi

Ukitaka kunifanya niinamishe kichwa mpaka leo, usinitukane, wewe taja tu neno "hoho" mbele ya watu wa Muaither, hapa Doha, halafu ukae kando uone vile nitaanza kutafuta simu kwenye mkoba na simu yenyewe iko mkononi. Wengine mliona ile video. Mlioikosa tulieni niwaambie mwenyewe, maana kuna wanaoisimulia vibaya, wanasema eti nilikuwa nafanya biashara ya udanganyifu. Sikuwa na biashara yoyote, nilikuwa na wivu tu.

Mimi ni Nekesa, napokea wagonjwa kwenye kliniki moja ya meno huko Al Sadd, na nalala Muaither, kwenye vila iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao mpaka ukipiga chafya, watu wa chumba cha tatu wanakwambia pole. Rafiki yangu ni Mwende. Nikisema rafiki nielewe vizuri: tulisoma pamoja, mimi ndiye niliyemtafutia kazi Doha, akaja akalala kitanda changu mwezi mzima mimi nimejikunja ukutani, na hata soksi zake nilikuwa nafua. Halafu akahamia kwetu Nalongo, Mganda (kwao mama wa mapacha huitwa hivyo, Nalongo), anafanya usafi hotelini, mpole, anacheka na kila mtu. Siku moja tukiwa jikoni akaona natupa mbegu za hoho nyekundu niliyonunua dukani, akanishika mkono. "Banange, usitupe!" Akazikusanya kwenye tishu, akazikausha juu ya friji, akazipanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Sasa hebu niambie, hizo mbegu zilikuwa za nani? Si zangu?

Zikamea, tena zikanawiri, huko uani chini ya ule mpira wa AC unaodondosha maji (na AC ni ya chumba changu, kwa hiyo hata maji ni yangu, lakini nani anauliza). Mwende akaanza kwenda kuziangalia. Mwanzoni alikuwa anapita tu akitoka kazini, baadaye nikirudi nampata ameketi uani na Nalongo, wamevua viatu, wanacheka, nami nawachungulia kwa dirisha la jikoni nikikata kitunguu ambacho sikuwa hata na haja nacho, ili nikitoa machozi niwe na sababu. Siku moja nikamsikia akimwambia mtu kwa simu, "Watoto wetu wametoa maua." Wetu! Wueh, roho iliniuma jioni hiyo sikula, na ilikuwa chapati.

Na kilichonikosesha usingizi hasa ni chumba cha juu. Kilikuwa cha watu wawili, chenye kuta za kweli na dirisha la kweli, kinaachwa wazi baada ya miezi minne hivi, na msimamizi wa nyumba alikuwa amemwambia Mwende achague wa kuhamia naye. Nikangoja aniambie "Nekesa, pakia vitu." Kimya. Nikangoja tena. Kimya, na yeye kila jioni uani na Nalongo, wakiniona wanapunguza sauti. Nikajua khalas, nimeachwa.

Kwa hiyo nami nikapanda. Jina langu lenyewe Nekesa, aliyezaliwa wakati wa mavuno, nishindwe na hoho? Kwa haraka zangu nikachukua mbegu za hoho ya kijani, zikaoza zote (kumbe ya kijani bado ni changa, na mbegu zake pia ni changa, lakini nani angeniambia na nilipanda kwa siri). Nikarudia na nyekundu. Ukatoka mche mmoja, mrefu, mwembamba kama sindano ya kufumia, majani tele, maua hakuna, na ndoo nikaizungushia boksi ili watu wajue tu nimepanda, wasione kilichotoka. Niliusemesha, niliuimbia, nikasogeza hata ndoo ya Nalongo kidogo ili maji ya AC yadondokee kwangu (usiniangalie hivyo). Wapi!

Sasa siku moja tunakula, Nalongo akaleta hoho yake ya kwanza, akaikata vipande tuonje sote, Mwende akafumba macho akitafuna kama anakula keki ya harusi, halafu akanigeukia. "Na yako, Nekesa? Bado?"

Aliniuliza kwa upole, najua sasa. Lakini mimi nilisikia kejeli, na mdomo ukafunguka wenyewe. "Yangu ilizaa kitambo. Njooni Ijumaa muone."

Hapo ndipo ningekohoa niseme natania. Lakini Mwende alikuwa ameshapiga makofi na kuandika kwenye kundi letu la maombi kwamba Ijumaa, ambayo ndiyo siku yetu ya ibada huku, tukutane uani kwetu tumshukuru Mungu kwa mavuno ya Nekesa.

Ijumaa asubuhi nikatoka kama mwizi mpaka dukani. Nikanunua ile pakiti ya hoho tatu, nyekundu, njano na kijani, ambayo kila mtu hununua, na naapa sikuwaza rangi hata kidogo, akili yote ilikuwa kwenye tepu. Nikapata tepu ya kijani ya mafundi wa stima, nikazibandika moja moja kwenye mche, mche ukainama kama mzee anayefunga kamba za viatu, nikauegemeza kijiti. Nikaondoa boksi, nikarudi nyuma nikautazama. Jamani, nilijivunia. Nilipiga hata picha.

Watu wakaja. Walipofika kwenye ndoo wakainama wakahesabu.

"Nekesa," mmoja akasema, "mche mmoja, rangi tatu?"

"Ni mbegu za kisasa," nikajibu.

Mwende alinitazama, akatazama mche, akatazama chini. Lakini Nalongo, huyo ndiye aliyenimaliza, alitoa tishu safi mfukoni, akaikunjua kwa heshima kabisa. "Nyabo, hizi sijawahi kuona. Utanigawia mbegu zake?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Oduya, dereva, ndiye hutuongoza kwa maombi, na maombi yake mnayajua, huanzia Kisumu yakapitia kila kaunti kabla ya kufika Doha. Jua lilikuwa limeshapanda, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba gundi ya tepu na jua la Doha havipatani. Nilifungua jicho moja nikaona ile nyekundu inateleza taratibu. Nikaomba kweli, siku hiyo niliomba kuliko Mzee.

"Na kazi ya mikono ya dada yetu," Mzee akapaza sauti, "usiiache ianguke!"

Pu! Nyekundu. Mtu akasema amina. Pu! Ya njano, ikabiringika mpaka kwenye kiatu cha Mzee Oduya na mkia wake wa tepu nyuma. Ile ya kijani ikaning'inia, ikazunguka, ikafuata wenzake, na mche ule, ulipotuliwa mzigo, ukaruka ukasimama wima, unatikisika kama unaniaga. Mzee akafumbua macho, akaokota ile ya njano, akaichunguza. "Hii," akasema, "imezaliwa na bandeji." Wueh! Watu walilala chini kwa kicheko, na kijana mmoja alikuwa anarekodi tangu mwanzo. Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilitoka uani ikaishia jikoni, nyuma ya friji.

Mwende akanifuata huko. Hakuwa anacheka. "Nekesa, ni nini lakini?"

"Hamia tu juu na Nalongo wako," nikamwambia kutoka nyuma ya friji.

"Na Nalongo? Nalongo wiki ijayo anahamia kwenye nyumba za wafanyakazi wa hoteli. Ananiachia hizo hoho zake. Nilikuwa najifunza kuzitunza, ziwe za dirisha letu." Akaingiza mkono mfukoni, akaweka ufunguo mpya juu ya meza. "Jina lako nilimpa msimamizi siku ile ile aliponiuliza. Nilitaka tu nikushtukize, mjinga wewe."

Nikalia, na siku hiyo kitunguu hakikuwepo.

Nalongo hakunisema hata neno. Alichukua zile hoho tatu akazikatia kachumbari ya watu wote, mbegu za nyekundu akazifunga kwenye tishu yake, na siku ya kuhama akaniwekea mkononi. "Hizi ni zako," akasema, "panda tu." Nilizipanda, na ninaapa, wivu ukinijia tena nitauliza kwa mdomo kabla sijaenda kununua tepu. Tuko chumba cha juu sasa. Juzi mche umetoa hoho moja ndogo kama kifungo, na Mwende kila asubuhi kabla ya chai huenda dirishani, akaivuta kidogo aone kama imeshika.