Neelavva Hatii Sahihi

Neelavva alizunguka vijijini miaka ishirini na miwili akiuza bangili kabla watafiti hawajamwajiri, na biashara ile ilimfunza jambo moja: anayesifu bidhaa bila kuigusa ana lake jambo.

Ndiyo maana fomu zile zilimtia shaka. Zilitoka kwa wanawake waliojifungulia kituo kipya cha uzazi, na kazi yake ilikuwa kuhakiki majibu kisha kutia sahihi. Safari hii alikuwa na lake pia. Binti yake Girija, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amesharudi kwao kusubiri, na mama ndiye wa kuchagua atakapojifungulia.

Majibu yalikuwa matamu mno. Wauguzi wapole, maji tele. Fomu kumi na nne, wimbo mmoja. Akarudi juu, palipoandikwa mahali pa mahojiano: nyumbani kwa mume, siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua.

Akamwita Prasanna, msimamizi wa wadodosaji.

"Mwanangu, huyu Renuka ulimkuta kwa mumewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto wake wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Mimi ndiye niliyemvisha bangili za kijani mimba ilipotimiza miezi saba, akafungashiwa kwenda kwa mama yake, kama desturi ya mimba ya kwanza. Huko anakaa mpaka mtoto afike miezi mitatu. Sasa wewe ulimhoji nani, kivuli?"

Prasanna akakuna shingo. "Daftari la kituo lina anwani za waume tu. Tulipofika, mama mkwe akasema anajua yote."

"Kwani uchungu ulimshika yeye?"

"Alikwenda kumwona mzazi mara moja. Alipeleka pipi."

"Basi andika: maoni ya mpeleka pipi."

"Mama, ripoti inatakiwa Jumatatu."

"Na mjukuu wangu anatakiwa mwezi ujao. Chukua kalamu, twende."

Renuka walimkuta kwa mama yake, kichwa kimefungwa kitambaa, mtoto kifuani. Alitazama mlangoni kwanza.

"Mama mkwe hamkuja naye?"

"Hatukuja naye."

"Pale kituoni maji alibeba mama yangu kwa ndoo. Usiku muuguzi alikuwa mmoja, na alikwenda kulala kwake."

Wakawafuata wote kumi na wanne na kuwahoji upya wenyewe; kumi na mmoja walisema hivyohivyo. Fomu hizo mpya Neelavva alizitia sahihi.

Girija akapelekwa hospitali ya zamani ya mjini, mwendo wa saa mbili. Hata huko mama yake alitangulia siku moja, akafungua bomba kwanza.