Fundi wa Makava na Uso wa Mama

Jumatatu asubuhi nilikuwa shambani kwangu Ihembe, nachuma kahawa, simu ikaita. Aliyepiga ni mshona viatu anayepakana na duka la rafiki yangu, na siku hiyo hakusalimia. "Fundi wako ametutoka," alisema. Mtu aliyekuwa akichapa picha kwenye makava ya simu pale senta ya Nyaishozi alikuwa amefariki kwa maradhi ya kifua, aliyoyabeba tangu masika bila kukubali kulazwa. Nilikaa chini juu ya majani makavu ya migomba, na sitawadanganya wasomaji wangu: kilichonijia kwanza si machozi, ni hasira. Tulimwambia mara nyingi aende hospitali, naye akatujibu kama alivyotujibu sikuzote kuhusu kila jambo, kwamba anamalizia kazi kidogo.

Alikuwa mtu wa kuchosha, na nadhani kazi yake ndiyo iliyomfanya hivyo. Ukiisikia inasimuliwa unaiona nyepesi. Picha inachapwa kinyume kwenye karatasi kwa wino wa aina yake, karatasi inabanwa kwenye kava kwa utepe, kisha vyote vinaingia kwenye mashine ya joto. Wino unageuka mvuke na kuzama ndani ya kava, hata ukikwangua kwa kucha hautoki. Lakini kava lenyewe lazima liwe limepakwa utando maalumu wa kuupokea wino huo, na hapo ndipo sisi wateja tulipomtesa. Mtu ananunua kava lolote gulioni, tena jeusi, analitupa mezani: "Nichapie mtoto wangu hapa." Fundi anaeleza kwamba hilo halinywi wino. Mteja anasonya, anaondoka akitangaza barabarani kwamba fundi anaringa. Mwingine analeta picha iliyorushwa kutoka simu hadi simu mpaka uso umekuwa kama uji, halafu anauliza kwa nini macho ya bibi harusi hayaonekani. Na umeme nao unapungua nguvu mashine ikiwa katikati ya kazi, kanisa la buluu linatoka na rangi ya tope.

Naye hakuwa malaika. Asubuhi za ukungu karatasi zake zilinyonya unyevu, na picha zikawa zinatoka na mabaka. Basi akafanya jambo ambalo yeyote wa kwetu angelifanya: akazipeleka nyumbani, akazitandaza kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto, pale mkewe anapohifadhi mbegu za maharage. Karatasi zilikauka vizuri sana. Zilikunywa na moshi vizuri sana. Kwa muda kila aliyechapwa pale Nyaishozi alitoka na rangi ya chai ya rangi, na nilipomwambia chanzo ni jiko, alinijibu, "Mzee wa gazeti, andika magazeti." Alinibishia mpaka aliponusa karatasi mwenyewe.

Katika kipindi hicho cha moshi alikuja dada mmoja kutoka Songambele. Alikuwa amemzika mama yake, na kesho yake alfajiri alikuwa anasafiri kwenda Bukoba kuanza kazi ya upishi kwenye bweni la shule. Picha ya mama ilikuwa moja tu, imepasukapasuka, na ndugu walikubaliana kwamba ibaki kwa kaka mkubwa. Alichotaka ni kuondoka na uso ule nyuma ya simu yake. Fundi aliipiga picha ile, akachapa, akafungua mashine. Mama alitoka wa kahawia. Na hilo ndilo lilikuwa kava la mwisho la simu ya aina ile.

"Sikupi hili," fundi alisema.

"Waitu fundi, nakusihi, nipe hivyo hivyo. Gari ni alfajiri."

"Mama yako hakuwa na rangi ya chai, dada. Watu wakiliona watauliza limechapwa kwa majivu ya wapi."

"Mpe mwenzio, bwana!" alidakia mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa anasubiri kava lake. "Kwani umeambiwa unamposa huyo mama?"

Watu walicheka, dada hakucheka. Fundi alilitia kava kwenye droo, akaifunga, akaahidi kutengeneza jingine na kulituma. Dada alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaondoka mikono mitupu.

Makava mapya yalipofika, fundi aliifanya kazi ile kama vile anamchapa mama yake mwenyewe. Karatasi sasa zilikaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Aliikuza ile picha kwenye kompyuta, akaziba nyufa moja baada ya nyingine, akafuta madoa, akanyoosha kola ya gauni. Nakiri lilitoka kava la kuvutia. Hata mshona viatu aliacha kiatu cha watu akaja kutazama. Fundi akalikabidhi kwa kondakta wa basi la Bukoba. Siku iliyofuata dada alipiga simu, na fundi, kwa kutaka tusikie sifa, akafungua sauti.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umelipokea?"

"Nimelipokea, ni zuri sana. Huyu ni nani?"

Fundi alicheka. "Ni mama yako huyo!"

"Kovu lake liko wapi?"

"Kovu gani? Pale chini ya jicho? Lilikuwa doa la picha, nimelisafisha."

Dada alisema taratibu kwamba halikuwa doa. Alipokuwa mtoto alishika kisu cha kumenyea ndizi, mama akainama kumbeba, kisu kikamchana mama chini ya jicho. "Kila akiniosha uso nilikuwa ninalishika lile kovu. Mimi ndiye niliyempa. Sasa umelitoa."

"Ungeniambia mapema."

"Hukuniuliza. Nitumie lile la rangi ya chai."

Fundi alikataa. Alisema atachapa la tatu, lenye kovu na lenye rangi sahihi, na kwamba kazi mbovu haitatoka dukani kwake kwenda kumtangaza Bukoba. Nilichoka naye siku ile. Niliifungua droo mwenyewe, nikalitoa lile kava la moshi, nikalipeleka kwa kondakta. Fundi alinigeuzia mgongo, ila hakunizuia. Dada alipolipata alituma ujumbe mfupi: "Amefika."

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo fundi alibadilika. Hakubadilika. Aliendelea kusafisha nyuso za watu mpaka kifua kilipomshinda, na kila nilipolitaja lile kovu alisema dada alikuwa mgumu kuridhika. Wala si yeye peke yake. Siku hizi simu zenyewe zinasafisha bila kuagizwa. Nimehudhuria misiba huku Karagwe na kule Kyerwa ambako marehemu aliyelima miaka yote juani amewekwa mbele ya jeneza akiwa na mashavu ya mtoto wa shule, na wajukuu wanaulizana kama kweli ni babu. Picha ya fundi, siku tulipomzika, nayo ilikuwa hivyo. Zile mvi alizokuwa akizikuna akibishana na mteja, hazikuwepo. Mkewe aliitazama muda mrefu, halafu akaigeukia kamati ya mazishi: "Nani kamfanya hivi?" Aliyeitengeneza alikuwa ametaka kumpendezesha.

Mjane huyo ameniambia ataendelea na duka, na akaomba nimwandikie hapa neno la kumsaidia. Mambo ya joto na wino atayajua, alikuwa akimtazama mumewe. Ukungu na umeme havina dawa yangu. Mimi naona tunasumbuka bure na kazi nzuri ambayo mwenye picha haitambui, na mteja naye anakaa kimya akidhani fundi anayajua ya nyumbani kwake. Kwa hiyo, shemeji, mtu akikuletea picha ya mzazi, kabla hujagusa mashine, iweke mezani kati yenu, umwombe akuonyeshe kwa kidole: kwenye uso huu, uchafu ni upi, na kilicho chake ni kipi? Swali hilo halihitaji umeme.