Shujaa Mwenye Kuvunja Bariere

Kijana mumoja ameniletea bédé yake, kitabu cha hadithi ya kuchora, ili nimuambie kama ni nzuri. Karatasi bado zinanuka wino, na harufu hiyo inanirudisha kwenye njia ya Butembo na Beni, wakati wa uasi.

Mimi pia nilikuwa na bédé yangu. Niliichora kwa biki katika kaye, daftari yangu ya hesabu: shujaa mwenye kuruka angani na kuvunja bariere zote ambazo askari wanafungia njia. Baba ndiye alikuwa musomaji wangu, na hakunisifu hata siku moja.

"Shujaa yako anashinda upesi sana," alisema. "Hata woga hana."

Siku moja, kwenye njia hiyo, waasi walitushusha mimi na baba kwenye kamioneti. Baba walimupigisha magoti katika matope, bunduki kwenye shingo. Komanda wao akafungua mufuko wetu, akakuta kaye, akaisoma yote akicheka.

"Ni nani alichora hii?"

"Ni mimi, papa komanda."

"Unajua kuchora. Lakini huyu mutu wako hana sura. Umupatie yangu."

Nilichora. Nilimuweka komanda angani, kifua mbele, nikamuongezea hata tabasamu. Akachana ukurasa ule, akautia mufukoni, akatuachilia.

Ndani ya gari baba alikuwa akikwangua matope kwenye magoti.

"Papa, nilichora muzuri?"

"Muzuri sana," alisema, akitazama inje.

Hakufungua tena kaye yangu.