Mstari Wangu Katika Wimbo wa Kuitana

Niliporudi Matinyani miaka ya sabini, nilirudi na diploma ya ujenzi kutoka ng'ambo na ramani ya nyumba ya mawe ambayo mpaka leo haina mwenzake upande ule. Karo yangu hakuna aliyenilipia. Nilianza kwa kupakua magunia stesheni ya Makindu, nikajisomesha, nikavuka bahari. Barua sikuandika, mtu anayejijenga mwenyewe mikono yake imejaa.

Nilishuka kwenye basi Jumapili asubuhi, nikaenda moja kwa moja kanisani ili wanione wote kwa pamoja, mama yangu akiwemo.

Kanisa letu lilikuwa chumba cha matofali, na washirika wachache kiasi kwamba kila mmoja alijulikana kwa kikohozi chake. Tulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine, na nimeona makanisa makubwa. Ibada ilifunguliwa kwa wimbo wa kuitana, macho yakiwa yamefumbwa. Kila mshirika alikuwa na mstari wake, aliopewa siku ya ubatizo. Aliuimba peke yake zamu yake ikifika, nao wengine wakaitikia. Aliyesafiri aliimbiwa na jirani yake wa benchi. Aliyekufa hakuimbiwa. Watu walinyamaza kwa urefu wa mstari mmoja, kisha wakauitikia ule ukimya kana kwamba umeimba.

Niliingia wimbo ukiendelea. Nafasi yangu ya zamani ilikuwa wazi. Nikaona ni heshima ninayostahili, nikaketi. Zamu ilikuja benchi kwa benchi. Ikafika kwangu. Nikajaza kifua, ila nilitaka kwanza nimsikie jirani yangu akiniimbia, kisha nimshtue.

Hakuimba. Hakuna aliyeimba. Mabati yalilia kidogo kwa jua. Halafu wote wakaitikia, sauti ya mama ikiwa juu ya zote.

Nikaimba mstari wangu, nimechelewa. Hakuna jicho lililofumbuka. Yule mzee jirani yangu akaninong'oneza, "Nyamaza. Umeshaimba."

Nje, baada ya ibada, mzee huyo alinibonyeza mkono. "Ana joto," akawatangazia.

"Kumbe siku hizi wafu wanavaa tai!" akasema mama mmoja, na watu wakacheka, lakini kwa mbali.

Mama yangu alinishika kifundo cha mkono, akakataa kukiachilia. "Mwanangu, habari ilitoka Makindu kwamba treni ya mizigo imekuponda. Tulikulilia bila mwili."

"Mwaitu, mama yangu, niko hapa. Jumapili ijayo nitaimba mwenyewe, na ukimya uishe."

Aliyejibu ni mzee. "Imba, ni haki yako. Lakini yule wa ukimya tumekuwa naye miaka hii yote, kiangazi na njaa. Hajakosa Jumapili hata moja. Tumfukuze tumwambie nini?"

Jumapili iliyofuata niliimba vizuri kuliko mtu yeyote pale. Wakaniitikia. Kisha wakanyamaza, urefu wa mstari mmoja, wakaitikia tena.

Imebaki hivyo. Nimewajengea ukuta mpya na tangi la maji, na katika kanisa lile mshirika mwenye zamu mbili ni mimi peke yangu. Lakini miaka yote mama alipokuwa hai niliketi nimefumba macho, nikipima sauti yake. Mimi aliniitikia kwa adabu. Yule wa pili alimwitikia kama mtoto aliyemlea.