Silinda Iliyomgomea Modestus

Modestus Komba ni mtu wa mashine. Kule hospitalini Dallas, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua ikianza kulia ovyo, anaitwa yeye. Nyumbani kwake Cedar Hill ameifungua mashine ya kufulia mara tatu akaifunga tena, na mkewe Clara hajawahi kuita fundi tangu waoane. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Kila Jumamosi alikwenda kwenye klabu ya kulenga shabaha, klabu ya watu wazima wanaovaa kofia pana na kupiga kwa bastola za mtindo wa kizamani. Yake ilikuwa ya baruti ya kumimina. Unajaza kila tundu la silinda, unashindilia goroli ya risasi, unabandika fataki nyuma, na mpaka umalize matundu sita wenzako wameshakunywa kahawa na kuanza kuangalia saa. Akachoka kusubiriwa. Akaagiza silinda nyingine ya kubadilisha, inayopokea risasi za kisasa zilizofungwa tayari. Maelezo yalisema unatoa ya zamani, unachomeka mpya, basi.

Silinda ilipofika, haikutaka kuzunguka. Akivuta nyundo ya bastola kwa kidole gumba, ilisogea kidogo ikakwama. Akaitoa, akaipaka mafuta, akairudisha; ikakwama palepale. Jumapili nzima iliishia mezani jikoni. Mwishowe aliona tatizo liko kwenye mkono mdogo wa chuma ulio ndani ya bastola, ule unaoisukuma silinda kila nyundo inapovutwa. Aliuona mrefu mno. Akachukua tupa ya kucha ya Clara akaupunguza kidogo, akajaribu, akaupunguza tena.

Silinda ikazunguka. Jumamosi iliyofuata, risasi ya pili ilitoka na vipande vya risasi vikaruka pembeni, vikamchoma shavuni. Matundu hayakuwa yakifika sawasawa nyuma ya mtutu.

Hapo ndipo alipompelekea Mark, fundi bunduki wa mtaa wa pili na mwanachama mwenzake wa klabu, mzee wa maneno machache. Mark aliikagua, akasema mkono ule unaonekana mfupi, akamwuliza kama kuna mtu ameugusa. Modestus akajibu hapana, uko vilevile ulivyotoka kiwandani. Alijibu haraka, kabla hata hajafikiri, na baada ya hapo hakuona njia ya kurudi nyuma.

Mark akamwamini. Akaacha mkono, akaanza kutafuta kosa kwenye silinda. Akairudisha kwa walioitengeneza. Wakakaa nayo wiki sita, wakaileta wakisema haina kasoro. Akaipeleka tena kwa maneno makali zaidi, ikarudi na jibu lilelile. Miezi mitano ikapita hivyo. Modestus alikuwa akipiga simu kila wiki, na kila akikata simu damu inamchemka, anamlalamikia Clara kwamba mzee yule hajui kazi. Clara alimsikiliza, kisha siku moja akamwuliza tupa yake ya kucha imeliwa na nini mpaka ikawa butu vile. Modestus alikwenda kumnyang'anya Mark bastola yake siku hiyohiyo.

Khalfan, rafiki yake wa Richardson, akamwelekeza kwa Truphosa, mama wa Kikenya mwenye karakana Houston, upande wa Sugar Land. Alikuwa amekuja Marekani kusomea unesi, akaacha, akafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchonga mabomba ya mafuta, na bunduki akajifunzia hapo kwa mzee mmoja aliyestaafu. Modestus aliendesha kwa saa nne na nusu, nusu saa nzima kwenye foleni ya ajali, akafika akiwa na hasira na kila mtu.

Truphosa alivua miwani, akavaa nyingine nene, akamulika ndani kwa taa. Modestus akaanza kueleza habari za fundi wa Cedar Hill asiyejua kazi. Truphosa alimwacha amalize.

"Hii imekwaruzwa na tupa ndogo sana," akasema. "Fundi hana tupa kama hii. Ni wewe?"

Modestus akakubali. "Ni mimi, mama."

"Na huyo mzee ulimwambia?"

"Hapana. Aliniuliza, nikakataa."

Truphosa hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema tu kwamba mkono hauna dawa, atachonga mwingine mpya, na kwamba angeendelea kupiga hivyo siku moja angepoteza jicho. Akamwonyesha kiti.

Alikaa kutwa. Truphosa alichonga chuma, akakipachika, akapitisha fimbo nyembamba kwenye mtutu kuona kama kila tundu linafika mahali pake. Matano yalikubali, la sita likachelewa kidogo sana. Akatoa, akasugua kwa jiwe, akarudisha. La sita likakubali, la pili likagoma. Modestus alijikuta amekunja ngumi. Alitaka kusema kitu, akakumbuka hana haki ya kusema. Saa kumi ndipo matundu yote yaliposhika, mlio mmoja safi kila nyundo ilipovutwa. Truphosa akalainisha na kifyatuo, akapiga sita kwenye pipa la mchanga, hakuna kilichoruka.

"Sasa mpigie simu," akasema, akimkabidhi.

Alimpigia Mark akiwa ndani ya gari, kabla hajawasha injini. Akaeleza yote, hata ya tupa ya kucha.

"Niliwaita wale wa silinda waongo," Mark akasema. "Kwa maandishi, mara mbili."

Modestus akaomba radhi. Mark akasema amesikia, na kwamba kazi nyingine asimletee.

Bastola haijakwama tangu siku hiyo. Jumamosi anamaliza raundi yake pamoja na wengine, hasubiriwi. Mark husimama mwisho wa mstari, upande ule mwingine, na wakikutana pale kwenye kahawa wanasalimiana kwa kichwa.