Salamu Niliyomwombea Mdogo Wangu

Fomu ya kituo ilikuwa na kurasa nne, na ni swali moja tu nililolijibu kwa mwandiko mzuri. Mengine niliyajaza nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kivuko, karatasi nimeiegemeza kwenye begi: umri wa mkazi, miaka thelathini na nane, hali yake, usonji, anakula nini, kila kitu, ila kwa sahani mbili, tahadhari, anapenda maji. Swali la mwisho nililisubirisha hadi nilipopata kiti. "Familia ingependa mkazi ajifunze nini?"

Mimi ni mtu wa kuandika. Nafundisha wengine kuandika, kwenye chuo kimoja hapa Mwanza, na kuna magazeti mawili yaliyowahi kuchapa makala zangu bila kuzifupisha sana. Nikiona mistari mitatu mitupu siwezi kujizuia. Nikaandika: "Tungependa ajifunze kusalimia watu kwa heshima, kama watu wengine." Nikasoma mara mbili, nikaridhika, nikakoleza nukta.

Mkazi mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu, viganja masikioni kwa sababu ya honi ya kivuko. Ni mdogo wangu, tumbo moja.

Hadi mwaka ule alikuwa akiishi na mama Kirumba, katika nyumba tuliyozaliwa sote wawili. Neno usonji tulilipata kwa daktari, mdogo wangu akiwa na miaka ishirini na kitu. Kabla ya hapo mtaa ulikuwa umeshampa majina yake, na sitayarudia. Mama hakulihitaji hata hilo la daktari. Alijua kwamba ugali na samaki lazima vikae sahani mbili, visigusane. Alijua kwamba mvua ikipiga bati, redio inazimwa. Maneno ya mdogo wangu hayakuzidi kumi, na mama aliyatumia yote kumi bila kuona kama kuna upungufu.

Na kulikuwa na viatu. Wageni wakishavua viatu na kuingia ndani, mdogo wangu alikwenda mlangoni akavigeuza kimoja kimoja vitazame nje, jozi kwa jozi, ili mtu akitoka atumbukize mguu tu na kwenda zake. Hata kwenye msiba wa baba, kandambili zilipojaa hadi barazani, hakukosea jozi. Lakini hakumtazama mgeni mwenyewe usoni wala kumsalimia. Mashangazi waliguna. Mama aliwaambia, "Keshawasalimu huyo. Tazameni viatu vyenu mkitoka."

Mimi sikuwa na imani ya mama. Siku ya posa yangu, mzee mmoja wa upande wa mke wangu alisimama sebuleni, akanyoosha mkono, akangoja. Mdogo wangu akampita kama anavyopita nguzo, akaenda kwenye viatu. Mzee akabaki na mkono wake hewani. "Na huyu kijana mkubwa," akauliza, "hana salamu?" Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha kusaidiana. Posa ilipokelewa, nikaoa, tukapata watoto, mzee akafariki akiwa ananipenda sana. Lakini mkono ule hewani nilikaa nao miaka yote hiyo, na siku nilipopewa mistari mitatu ya kujaza, ndio nilioujaza.

Kilichotupeleka kituoni kilikuwa nyonga ya mama. Alianguka uani, akavunjika, akarudi nyumbani na fimbo. Mdogo wangu akaanza kutoka peke yake. Mara mbili wavuvi walimrudisha akiwa amelowa hadi kifuani, ametulia kabisa, kana kwamba wao ndio waliopotea. Mara ya pili mama alinipigia simu akasema, "Baba, simkimbilii tena. Sina mguu." Nikatafuta. Vituo vingi vinachukua watoto. Mtoto akiota ndevu, wanakutazama kama umeleta ng'ombe. Kilichomkubali kilikuwa kimoja tu, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema.

Na kilikuwa kizuri. Nasema hivyo bila kejeli, ingawa kejeli ndiyo kazi yangu. Nilikikagua kama mkaguzi: vyandarua vipo, choo hakinuki, uwanja umefagiliwa. Wakazi kumi na wawili, walezi wawili kwa zamu. Kila mkazi alipewa kandambili za bluu, zote sawa, zilizotunzwa kwenye ndoo kubwa karibu na mlango wa bweni. Niliiona ndoo ile nikaihesabu kuwa ni usafi.

Baada ya miezi mitatu nilikwenda kumtembelea. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi. Akanyanyuka, akatazama sikio langu, akasema, "Shikamoo."

Ukifika umri wangu shikamoo hazina tena ladha; wanafunzi wanakupa ili uwaongezee muda wa kazi. Lakini hiyo nilishindwa kuiitikia kwa mara ya kwanza. Ilibidi airudie. Jioni ile nikamwambia mama, nikawaambia walimu wenzangu, nikamwambia mke wangu, ambaye aliuliza tu, "Na anakula vizuri?" Sikujua. Sikuwa nimeangalia. Wiki iliyofuata nikaandika makala kuhusu subira. Ilisifiwa.

Ziara iliyofuata, kivuko kiliwahi, nikafika kituoni saa ya chakula bila kutarajiwa. Wenzake walikuwa wamekaribia kumaliza. Yeye alikuwa mwisho wa meza, ugali sahani moja, samaki sahani nyingine, kwa hiyo hilo nalo walikuwa wamelisoma. Mikono ameikunja mapajani. Nzi wanatembea juu ya samaki.

"Shikamoo," aliiambia sahani.

Akangoja. Akageukia kiti kitupu cha mbele yake. "Shikamoo." Akageukia ukuta. Sauti haikuwa ya kulalamika. Ilikuwa sauti ya mtu anayebonyeza swichi ya umeme uliokatika, anajaribu tena, maana ndiyo swichi pekee aliyonayo.

Akageuka akaniona mimi. "Shikamoo."

"Marahaba," nikasema, kwa mazoea.

Akaanza kula. Alikula haraka, mabega juu, na ugali ulikuwa umeshaota ngozi.

Mlezi akatokea mbio kutoka upande wa bafu, khanga imelowa. Ni mwanamke wa Magu, mdogo kwangu, aliyekuwa fundi cherehani kabla ya kazi hii.

"Mwalimu! Shikamoo. Mbona hukupiga simu?"

"Marahaba. Huyu amekaa hivi tangu saa ngapi?"

"Si muda. Mwenzake kaanguka kifafa huko bafuni, na leo niko peke yangu." Akafuta mikono. "Alikuwa anangoja marahaba huyo. Hali mpaka aitikiwe."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi anayeuliza kitu alichokiandika mwenyewe. "Si ndivyo tulivyomfundisha? Siku mbili za mwanzo alitutesa, mwalimu. Nashika sahani, namwambia sema shikamoo, yeye ananiangalia sikio. Narudisha sahani. Siku ya tatu akaitoa. Nililia! Nilimwita mpishi, tukalia wote."

"Siku mbili hakula?"

"Maji alikunywa." Akaona uso wangu. "Kwetu Magu ndivyo tulivyolelewa. Husalimii, huli. Kwani nyie Kirumba mlilelewaje?"

Tulilelewa hivyo hivyo. Mama alikuwa akishika mwiko juu ya chungu na kuuliza, "Salamu iko wapi?" na mimi nikiitoa mbio. Ila mwiko ule hakuwahi kuushika mbele ya mdogo wangu, hata siku moja, na mimi katika utoto wangu wote niliona huo ni upendeleo.

Mlezi alikwenda kabatini akarudi na jalada. Fomu yangu ilikuwa juu, safi. Na ndani ya mlango wa kabati alikuwa amebandika kadi, sentensi yangu nzima ameinakili kwa kalamu nyekundu, pamoja na nukta. "Niliiweka hapa ili na mwenzangu wa zamu aifuate," akasema. "Vituo vingine fomu hawazisomi, mwalimu. Sisi tunasoma."

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Hasira ingekuwa na heshima yake. Lakini sikumpata wa kumkasirikia. Mtu mmoja alikuwa anaosha na kulisha watu kumi na wawili, anakimbilia na kifafa, na bado alikuwa amepata nafasi ya kutimiza nilichoomba. Nikamwomba waache. Akakubali palepale, akabandua kadi mbele yangu, na niliona imemuuma.

Wiki mbili baadaye akapiga simu. "Mwalimu, haachi. Tunaweka sahani, tunaondoka zetu ale. Anaisalimia. Inapoa. Jana nimevumilia mpaka saa tisa alasiri. Nikashindwa. Nikamwitikia."

"Umefanya vizuri," nikamwambia. Mtu mwenye shahada mbili.

Idi nilimleta nyumbani. Mama alikuwa amekaa kitini tangu asubuhi, amevaa, fimbo kati ya magoti, pilau liko tayari. Mdogo wangu aliingia, akamwelekea, akatazama sikio lake akasema, "Shikamoo."

Mama aliinua mikono yote miwili. "Marahaba! Marahaba, baba! Alhamdulillahi!" Akamwita jirani aje asikie. Jirani akaja, akapewa na yeye yake, akapiga vigelegele. Nilisimama pale nikiona furaha niliyokuwa nimeiagiza kwa maandishi, na sikuweza kuigusa.

Tukakaa kula. Mdogo wangu akaisalimia sahani. Mama akacheka. "Hata pilau analiheshimu!" Akacheka tena, kisha akaona kwamba hagusi wali, mikono iko mapajani, na kwamba ananigeukia mimi, na halafu yeye, na halafu ukuta.

"Kula, mwanangu."

"Shikamoo."

"Umeshanisalimu, baba. Kula."

"Shikamoo."

Mama akanitazama. Sikuwahi kumdanganya mama vizuri. Hata utotoni uongo wangu ulikuwa na vivumishi vingi mno. "Mwitikie," nikasema.

"Marahaba," mama akasema polepole, na mdogo wangu akala, mabega juu.

Mama hakula. Alikuwa anatazama mlangoni. Viatu vya jirani vilikuwa pale, kimoja kimelalia kingine. Vyangu vilikuwa vimetazama ndani. Vya mama mwenyewe vilikuwa kama alivyoviacha asubuhi.

"Viatu havijageuzwa," akasema.

Ndipo nikamwambia yote: fomu, sentensi yangu, siku mbili, kadi. Sikuongeza vivumishi. Alisikiliza akisugua kichwa cha fimbo kwa kidole gumba.

"Hukuandika habari ya viatu?"

"Hawakuuliza, mama."

"Si walikupa nafasi ya kuandika?"

Walinipa. Mistari mitatu. Sentensi yangu ilikuwa imetumia mmoja na nusu.

"Umewaambia waache?"

"Nimewaambia. Wameacha. Yeye ndiye haachi."

"Mwache hapa basi," mama akasema. "Abaki kwangu." Kisha akautazama mguu wake, akatazama njia inayoshuka ziwani, ambayo kutoka kwenye kiti chake inaonekana hadi mwisho. Nilingoja aniulize kuhusu nyumba yangu. Ningemwambia kwamba iko juu ya mawe, ngazi hazina ukingo, mke wangu anatoka saa kumi na mbili asubuhi na mimi saa moja, watoto shule. Yote ni kweli, nilikuwa nimeyapanga vizuri tangu kwenye kivuko. Hakuniuliza. Aliomba tu nimsogezee sahani ya mdogo wangu, akamtenganishia nyama upande mmoja na wali upande mwingine, na mlo ule wote, kila alipoongezewa, mama aliitikia kabla hajasalimiwa, ili asingoje.

Siku ya tatu nikamrudisha. Mama aliniagiza nimwambie mlezi habari ya viatu, nikamwambia. Alisikiliza kwa makini, akachukua kalamu nyekundu. "Niandike vipi, mwalimu?"

"Usiandike," nikasema. "Mwache tu aone viatu."

Siku hiyohiyo, palepale, akaitoa ile ndoo, akazimwaga kandambili zote mlangoni. Jozi kumi na mbili za bluu, zote sawa. Mdogo wangu alizitazama kidogo, akazivuka, akaenda kukaa mezani. Haikuwa hata saa ya chakula.

Nilivua viatu vyangu vyeusi vya kufundishia, nikaviacha kizingitini vimekaa ovyo, kimoja ubavu, nikaingia bwenini nikakaa kwenye kitanda chake. Nilikaa hadi niliposikia honi ya kivuko. Nilipotoka, alikuwa amekuja hadi mlangoni. Amesimama mbele ya viatu vyangu, anavitazama, kidole kimoja kinatikisika kando ya paja, kama zamani alipokuwa anatafuta jozi. Nikasita. Mlezi naye nyuma yangu akasita.

Akainua macho hadi kwenye sikio langu. "Shikamoo."

Honi ililia tena. Kikiondoka hicho, kingine kinakawia.

"Marahaba," nikasema, nikainama, nikavigeuza mwenyewe.