Mkokoteni wa Anifa

Anifa wa Masasi alikuwa fundi kompyuta katika duka la Shivani, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mwaka ule wa 2003 alitengeneza gemu la mashindano ya mikokoteni. Injini yake, yaani programu inayoliendesha, hakuiandika yeye. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imeuachia kwenye intaneti msimbo wa gemu lake la zamani la magari, naye akayatoa magari akaweka mikokoteni. Shivani alikwisha kukodi banda Sabasaba, na makasha ya sidii yalikwisha kuchapwa.

Maonyesho yamekaribia, ndipo Anifa akasoma masharti ya msimbo ule, yale ambayo sote huyaruka tukabofya "Nakubali". Jifunze, badilisha, wagawie rafiki zako; kuuza, marufuku.

"Dada Shivani, hili gemu hatuwezi kuliuza."

"Wewe Anifa vipi? Kariakoo nzima inauza kopi. Nani atajua?"

"Na watu wakikopi la kwetu, nitapiga kelele kwa mdomo gani?"

Shivani alinuna, tena alinuna kweli, lakini akamwacha alitengeneze upya.

Anifa akafuta kila kisicho chake, akaandika injini upya. Ikawa ya kujikongoja: mikokoteni iliyokuwa ikiruka sasa ilitambaa. Kwa uchungu akamwita Nassibu, msukuma mkokoteni aliyewaletea mizigo, amcheke mapema yaishe.

Nassibu alikwisha kulidharau lile la kwanza. Hili akalikodolea macho. "Huu sasa una mzigo! Ila mtu wa nyuma yuko wapi? Kwenye mteremko, bila wa kuuvuta kwa nyuma, unakuua."

Anifa akamweka mtu wa nyuma. Gemu likataka wachezaji wawili, mmoja aongoze, mwingine azuie. Wasiposikilizana, maboksi yanamwagika barabarani. Wallahi, utamu wote ulikuwa hapo!

Sabasaba watu walipanga foleni hadi nje ya banda. Mume na mke walilaumiana hadharani kwa maboksi ya kwenye kioo. Shivani, yuleyule aliyenuna, alikuwa akipaza sauti, "Pisha! Pisha mzigo!" Sidii zikaisha kabla ya adhuhuri.

Baadaye Anifa alimkuta machinga Mtaa wa Kongo ametandika chini kopi za gemu lile. Akashika kiuno, akapiga kelele mpaka Msimbazi wakageuka.

Machinga akaanza kuzikusanya haraka. "Samahani, dada. Nilijua la Wazungu."

Anifa akashindwa kununa, akacheka kwa raha. "Langu," akasema. "Langu tangu herufi ya kwanza."